Kokoto Zenye Harufu ya Kabichi

Mwaka wa jana, mbele ya meza nzima ya wageni, mzee Milisav aliukata mkate wa sikukuu katikati, akaibusu nusu moja na kumkabidhi mwanawe Obrad. Hakuna aliyeuliza maana yake. Kuanzia siku hiyo Mtakatifu Nikola, aliyeilinda familia ile tangu enzi ambazo hata majina ya watu wake yameshasahaulika, alihama nyumba ya mzee kule kijijini akahamia kwa Obrad mjini. Slava, sikukuu ya mtakatifu wa ukoo, ile ya tarehe kumi na tisa Desemba, ilikuwa sasa ya Obrad: mshumaa wake, meza yake, wageni wake. Obrad alikuwa na miaka arobaini na sita na mvi nyingi kuliko baba yake, lakini aliipokea ile nusu ya mkate kwa mikono miwili, kama bwana harusi anayepokea pete.

"Sasa nisikilize," mzee akasema. "Mwenye nyumba siku ya slava hakai kitako. Anasimama mlangoni, anapokea wageni, anawalisha, anawanywesha. Na hatumwaliki mtu, kila mtu anajua siku yake. Sasa mgeni wa kwanza akija akakuta mlangoni hakuna mwenye nyumba, mimi nauchukua mkate wangu narudi nao kijijini."

"Baba, nani amewahi kurudishiwa slava?"

"Nitaanza mimi. Mtu aliyechelewa harusi yake mwenyewe hanipi usingizi."

Hilo la harusi lilikuwa kweli, na mzee hakuwahi kuacha likapoa. Miaka ishirini iliyopita Obrad alifika kanisani saa nzima baada ya bibi harusi, padri ameshavua joho, kwa sababu treni ya kokoto aliyofanyia kazi relini ilikuwa imekwama. Na mwaka huu, kama vile Mungu naye anapenda utani, ilikuwa treni ya kokoto tena.

Wengi hudhani reli hukaa juu ya ardhi. Haikai. Hukaa juu ya mataruma, yale magogo yaliyolala chini yake, na mataruma hukaa juu ya kokoto, na kokoto zikipungua treni hupepesuka kama mlevi anayetafuta ufunguo. Mvua za Novemba zilikuwa zimezisomba kokoto kwenye kona moja kando ya mto Morava, kilomita kumi na moja kutoka mjini, na treni za abiria zilikuwa zikipita pale kwa mwendo wa kutambaa. Kwa hiyo ofisi ya reli ikapanga mabehewa sita ya kokoto yamwagwe pale. Aliyepanga tarehe sijui alizaliwa wapi. Katika nchi ambayo nusu ya nyumba zinasherehekea Mtakatifu Nikola na nusu nyingine zimealikwa na tumbo lao kwenda kula kwa hiyo nusu ya kwanza, yeye akaandika tarehe kumi na tisa Desemba.

Katika genge la reli alilofanyia kazi Obrad, watu wawili tu ndio walioijua milango ya yale mabehewa: Obrad na Sreten. Wote wawili walikuwa na slava siku hiyo hiyo. Lakini kijiji cha Sreten kilikuwa safari ya saa mbili, na nyumba ya Obrad ilikuwa dakika kumi kwa miguu kutoka stesheni.

"Mwache Sreten aende," Obrad alimwambia mkubwa wake kwenye simu. "Njia inafungwa saa moja asubuhi, inafunguliwa saa tano. Saa sita niko nyumbani nimevaa tai. Wageni hawaji kabla ya saa saba."

Desanka, mke wake, alikuwa akisikiliza huku anasaga jozi za kutia kwenye ngano ya kuchemsha, ile ambayo kila mgeni wa slava huonja kwanza. Alisaga tu kwa nguvu zaidi.

Basi alfajiri ya siku ile Obrad aliupeleka mkate kanisani ukakatwa, akarudi akauwasha mshumaa kwa mkono wake mwenyewe, akabusu picha ya mtakatifu, na saa moja kamili alikuwa kwenye kona ya Morava. Baridi ilikuwa ya kukata masikio. Pamoja naye alikuwa Ratko, dereva wa injini, mtu mnene mwenye maneno mengi ambaye slava yake ni ya Januari, kwa hiyo siku ile hakuwa na haraka ya kitu chochote duniani.

Obrad alipenda kazi yake, na heri tuliseme waziwazi, kwa sababu wanaopenda kazi zao si wengi. Kila behewa lilikuwa kama faneli kubwa ya chuma yenye tani arobaini za mawe, na chini yake milango midogo, mingine ya kumwaga kushoto, mingine kulia, mingine katikati ya reli. Injini huvuta polepole, mwendo wa bibi harusi, na mtu hutembea kando na mkono kwenye wenzo. Akifungua sana, reli inafukiwa. Akifungua kidogo, wenye makoleo watamtukana wiki nzima. Obrad alifungua kwa kusikiliza tu. Kokoto zikimwagika sawasawa zina sauti yake, na sauti hiyo ilimtuliza moyo kuliko nyimbo zote za kanisani.

Mabehewa matano yalimwagika vizuri. Saa tatu na nusu, Obrad alikuwa akijipigia mluzi.

Behewa la sita likagoma.

Kokoto zilikuwa zimeoshwa machimboni jana yake, zikapakiwa zikiwa zimelowa, na usiku baridi ikazishika. Upande wa kushoto ulimwagika nusu, ukaacha. Upande wa kulia Obrad alifungua mlango mpaka mwisho, na hakuna hata jiwe moja lililojisumbua kutoka. Behewa lilibaki limeegemea upande mmoja, tani ishirini huku na kitu kidogo kule.

"Tulivute hivihivi mpaka stesheni," Obrad akasema, ingawa alijua jibu.

"Kwenye daraja lenye kona?" Ratko akamtazama. "Litalala chali mtoni, na sisi tutalala jela. Hapana, ndugu yangu. Hili lisipoisha halitoki."

Walipiga ubavu wa behewa kwa nyundo kubwa. Chuma kililia, mawe yakatulia. Walipiga tena kwa zamu mpaka Ratko akavua koti katika baridi ile. Saa nne na robo ilifika, na kijibonge kimoja kama mkate kikaanguka, basi.

Hapo Obrad akafanya jambo ambalo kila mtu wa kokoto amekatazwa tangu siku ya kwanza. Aliweka mguu kwenye ngazi, akachukua mtaimbo, akaanza kupanda ili aingie ndani ya behewa, ayachokonoe mawe kwa juu. Ratko alimdaka kwa mkanda akamvuta chini kama gunia.

"Una wazimu? Yakifunguka nawe uko juu, unakwenda nayo chini."

"Nina wageni saa saba, Ratko."

"Watakuja, ndiyo. Na ngano watakula. Lakini ngano ya slava na ngano ya mazishi hupikwa namna moja, na mimi leo nimekuja kula ile ya kwanza."

Obrad aliketi kwenye ukingo wa njia. Akilini alimwona baba yake akishuka kwenye basi na kofia yake ya manyoya, akiusukuma mlango, akitazama huku na huku. Aliogopa. Tuseme ukweli, hakuogopa ghadhabu ya mzee, alishaizoea. Aliogopa kwamba mzee safari hii angekuwa na haki.

Mita mia mbili kutoka pale kulikuwa na nyumba moja yenye moshi mnene wa jikoni. Obrad alisimama. "Nakwenda kuomba maji ya moto," akasema.

Hapo ndipo alipokosea, na ni kosa ambalo mtu wa huko tu ndiye anayeweza kulifanya akiwa na akili zake timamu. Alikwenda kuomba msaada wa haraka kwenye nyumba yenye slava. Mlango ulifunguliwa kabla hajabisha. Mzee mfupi mwenye masharubu meupe na suti ya kahawia alimwona, akafungua mikono.

"Mgeni wa kwanza! Stanojka, njoo umwone mgeni wetu wa kwanza! Ingia, mwanangu, ingia."

"Heri ya slava, mwenye nyumba. Mimi ni wa treni ile pale. Naomba tu maji ya—"

"Kwanza ngano."

"Mzee wangu, nina haraka mno."

"Haraka utakuwa nayo kesho. Mgeni wa kwanza akitoka bila kula, mwaka mzima nyumba yangu itakuwa kavu. Unataka hivyo? Sema kama unataka hivyo."

Nani angesema anataka hivyo? Obrad alijifanyia ishara ya msalaba akala kijiko cha ngano. Kisha rakia, pombe kali ya matunda, kwa sababu ngano haishuki peke yake. Kisha rakia ya pili, kwa sababu mtu hana mguu mmoja. Mzee aliitwa Vitomir, na alimsimulia mwaka ambao mgeni wa kwanza alikuwa daktari wa ng'ombe na ndama wote wakapona. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo watu husema, lakini Obrad alikuwa mwenyeji pia, na alikuwa akiugua pale pale mezani, akitazama saa ya ukutani huku akila samaki wa watu.

Hatimaye akaweza kueleza. Mawe, barafu, behewa limeinama, maji ya moto.

"Maji ya moto?" Stanojka, mke wa mzee, akacheka kutoka jikoni. Alikuwa mwanamke mpana mwenye mikono iliyokunjwa mpaka kwenye viwiko. "Katika baridi hii? Mimina maji ya moto, baada ya robo saa umejitengenezea barafu nyingine nzuri zaidi. Chuo gani hicho wanachowapeleka?"

Obrad akakumbuka kitu alichokikanyaga alipokuwa akiingia. Njia nzima ya uani ilikuwa kioo cha barafu, alikaribia kuanguka mara mbili. Lakini ngazi za mlangoni zilikuwa nyeusi, zimelowa, safi.

"Mama, pale ngazini unaweka nini?"

"Maji ya kabichi. Mwaka wa arobaini huu. Yana chumvi, hayagandi, na yanaua barafu."

Vitomir na Obrad wakatazamana. Kisha wote wawili wakalitazama pipa.

Kila nyumba kule ina pipa lake la kabichi za kuchachusha, na mwezi wa Desemba ndipo linapoiva. Lile la Stanojka lilikuwa la bluu, limesimama kwenye kona ya ukumbi wa nyuma, refu mpaka kifuani. Yale maji ndiyo uhai wa kabichi. Yakiondoka, kabichi hulegea, hunyauka, na mke wa mtu hupoteza jina zuri kijijini.

"Hapana," Stanojka akasema.

"Mama, mimi leo ni slava yangu ya kwanza. Baba yangu amenikabidhi. Ameapa, mgeni wa kwanza asiponikuta mlangoni, anaichukua."

"Baba gani huyo?"

"Ndiye niliye naye, mama."

Stanojka alijifuta mikono kwenye aproni taratibu sana. Alimtazama mumewe, akatazama picha ya Mtakatifu Nikola juu ya mshumaa, akarudi kumtazama yule mtu mzima mwenye vumbi la mawe kwenye nyusi ambaye machozi yalikuwa yameanza kumlengalenga.

"Yeye ndiye aliyekuleta mlangoni kwangu," akasema, akimnyooshea mtakatifu kidole. "Mgeni wa kwanza hanyimwi. Lakini usidhani nimefurahi. Vitomir, shika sufuria kubwa. Tuyachemshe kidogo, yakiwa ya moto yatakwenda mbio zaidi."

Ndivyo ilivyokuwa. Wageni wawili wa nyumba ile waliofika wakati huo, wamevaa suti na viatu vya kung'aa, walikabidhiwa ndoo kabla hawajakabidhiwa glasi. Msafara ukatoka uani kuelekea relini, ukifuka mvuke, na harufu ya kabichi ikatangulia. Ratko aliivuta puani kutoka dirishani mwa injini.

"Mmeleta chakula au dawa?"

"Nyamaza ushike ndoo," Stanojka akamwambia, na Ratko, ambaye hajawahi kunyamazishwa na mkubwa yeyote wa reli, akanyamaza akashika ndoo.

Obrad alisimama kwenye ngazi ya nje, si ndani, akamimina ndoo baada ya ndoo juu ya mawe. Nyingine walizirusha kutokea chini, kwenye mdomo wa mlango. Kwa muda hakukuwa na kitu. Kisha ndani ya behewa kukasikika mlio mdogo, kama mtu anayetafuna sukari guru.

"Vuta nyuma hatua mbili, Ratko. Sasa mbele. Taratibu."

Mawe yakashuka yote kwa mpigo, na Obrad alikuwa ameshashika wenzo. Hapo ndipo ungejua kwa nini walimhitaji yeye. Angeweza kuyaacha yajae ovyo, akimbilie nyumbani. Aliubana mlango, akausikiliza, akaufungua upana wa vidole vinne, akatembea kando ya behewa lile hatua kwa hatua kama vile hakuna saa duniani, na kokoto zikalala sawia na mataruma kwa mita arobaini, zikinuka kama jikoni kwa mama yake.

Ilikuwa saa sita kasoro robo. Aliwashukuru haraka. Stanojka hakumwacha aende bila kumfungia kipande cha mkate kwenye kitambaa.

Lakini treni haiachwi barabarani kama baiskeli. Ilibidi wairudishe stesheni polepole, wayapeleke mabehewa kwenye njia ya kando, wayafunge breki, na mkubwa wa stesheni aandike sababu ya kuchelewa. "Niandike nini?" akauliza. "Andika barafu," Ratko akamjibu. "Ukiandika kabichi watakupima akili."

Saa saba na dakika tano Obrad alimpigia mkewe simu.

"Desanka. Wamefika wangapi?"

"Hakuna mtu," Desanka akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayetaka kulia. "Hata mmoja, Obrad. Nimepika tangu juzi. Meza imejaa. Hata baba yako hajaja."

Obrad alianza kukimbia. Alikuwa ameogopa mgeni mmoja kufika mapema, kumbe lipo baya kuliko hilo, slava ya kwanza isiyo na mgeni. Alikimbia na buti za kazi kwenye theluji, mtu wa miaka arobaini na sita, na kitambaa cha mkate kifuani. Nyumba yake ilikuwa mwisho wa kichochoro, nyuma ya karakana ya jirani, na geti halikuonekana kutoka jikoni. Alipopinda kona akasimama ghafla.

Wageni walikuwa pale. Walikuwa kumi na wawili au zaidi, wamejikunyata kwenye geti na chupa na maua mikononi, wakipiga miguu chini kwa baridi, wote wamempa mgongo. Na mbele yao, mgongo umeegemea geti lililofungwa, na kofia ya manyoya kichwani, alisimama mzee Milisav, ambaye bila shaka alishauona mlango usio na mwenye nyumba.

"Lakini mzee, anavaa tai kwa saa nzima?" mmoja wao alikuwa akiuliza.

"Ana shingo nene," mzee akajibu. "Ametoka kwa mama yake hivyo. Mtu hapokei wageni na tai imepinda. Subirini."

"Tusubiri ndani basi, tumeganda."

"Ndani mtaingia mwenye nyumba akifungua mlango. Kwani ninyi mmefundishwa wapi?"

Huyu ni mzee ambaye hakuwahi kusema uongo hata kwa mtoza ushuru. Obrad alisimama kwenye kona, pumzi hana, na macho ya baba yake yakamwona juu ya vichwa vya watu. Mzee hakukunja uso wala hakutikisa kichwa. Macho yake yalisogea tu, polepole, kuelekea uzio wa jirani, kisha yakarudi kwa wageni, na akaanza kuwasimulia kwa sauti kubwa juu ya baridi ya mwaka wa themanini na tano.

Obrad alielewa. Alipita kati ya miti ya plamu ya jirani, akaruka uzio, suruali ikachanika kidogo, akaingia kwa mlango wa jikoni. Desanka alipiga yowe akaliziba kwa kitambaa. Hapakuwa na wakati wa maelezo. Alinawa, akavaa shati, akavaa koti, ile tai akaikosea mara mbili akaiacha imepinda, akapita mbele ya mshumaa uliokuwa bado unawaka, akafungua mlango wa mbele, akasimama kizingitini.

"Karibuni," akaita. "Karibuni wageni wangu."

Geti likafunguka. Mzee Milisav ndiye aliyetangulia, akitembea kwa hatua fupi ngumu za mtu asiyezisikia nyayo zake. Alipanda ngazi, akavua kofia. Masharubu yake yalikuwa na barafu nyeupe, na masikio mekundu kama pilipili.

"Heri ya slava, mwenye nyumba," akasema. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake kumwita hivyo.

"Asante, baba. Karibu."

Desanka alisogeza bakuli la ngano. Mzee alichukua kijiko, na hapo Obrad akaona kwamba vidole vya baba yake havikunjiki. Kijiko kilitetemeka, punje zikamwagika kwenye sinia. Mzee alijaribu tena, zikamwagika tena, na wageni nyuma yake wakajifanya wanasafisha viatu.

"Baba, umesimama pale nje tangu saa ngapi?"

"Mimi?" mzee akasema. "Nimefika sasa hivi." Akavuta hewa puani, akamtazama mwanawe kutoka juu mpaka chini. "Mbona unanuka kabichi?"

Obrad aliushika ule mkono wa baridi kwa mkono wake, kama alivyoshika wenzo asubuhi ile, taratibu, akakisindikiza kijiko mpaka mdomoni mwa baba yake. Mzee akatafuna, akameza, akafuta masharubu.

"Tamu," akasema. "Sasa nipishe nikae. Mimi leo ni mgeni."